Posa Iliyokuja na Chura

Barua ya posa ilikuwa imekaa siku saba juu ya kabati la televisheni, na hakuna aliyeifungua. Bahasha nyeupe, safi, imeandikwa kwa wino wa bluu: "Kwa Mzee Stanley na familia, Chamazi." Mzee mwenyewe alikuwa ameiwekea rimoti juu yake, kana kwamba anaogopa isije ikajifungua yenyewe. Leo saa kumi alasiri shangazi Tekla angekuja kuichukua airudishe ilikotoka. Na barua ya posa ikirudi kwa wenyewe haijafunguliwa, usiulize tena, hailetwi mara ya pili.

Bupe, binti yake anayeposwa, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana Jumamosi hiyo, jua halijachomoza sawasawa, hakuwa jikoni wala bafuni. Alikuwa amechuchumaa barazani mbele ya chungu cha maua, kanga kifuani, mswaki mdomoni, akihesabu matumba ya mmea kama mtu anayehesabu siku zake za kuishi.

Kosa lenyewe ukisimuliwa utacheka. Bupe alikuwa hajacheka kwa wiki nzima.

Ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita mshenga wa akina Romani, mjomba Kasimiri, aliingia hapo na shati lake la kitenge lililopigwa pasi mpaka likasimama, bahasha mkono huu, chungu cha maua mkono huu. Akasalimia vizuri, akakaa vizuri, akayapanga maneno vizuri. Mwisho akakisogeza kile chungu miguuni pa Mzee Stanley, akasema, "Na huyu chura, mzee, kijana wetu kasema akufikie wewe mwenyewe mkononi."

Sasa, Mzee Stanley ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ni Yanga lialia. Aliyekaa Dar hahitaji kuambiwa watu wa Simba wanawaitaje watu wa Yanga wakitaka kuwachoma: vyura. Na jioni ya kuamkia siku hiyo Yanga walikuwa wamefungwa na watani wao mabao mawili kwa sifuri, na mzee hakugusa chakula. Akavaa miwani. Akainama kukisoma kibao cha plastiki kilichochomekwa kwenye udongo.

*CHURA. Akae kivulini. Jua la mchana asilione. Maji asikose. Akizidiwa na joto atasinyaa, mwacheni, atainuka mwenyewe.*

Mzee akaivua miwani polepole. "Nani atasinyaa?"

Kasimiri wa watu, asiyejua mpira wala maua, akajibu kwa adabu zote, "Chura, mzee."

Kilichofuata Bupe alikisikia akiwa nyuma ya pazia: baba yake akifoka kwamba ametukanwa ndani ya nyumba yake. Shangazi Tekla ndiye aliyeokoa jahazi. Aliinyakua bahasha kabla haijarushwa nje, akasema kwao barua iliyokwisha kuingia ndani hulala siku saba kabla ya kurudishwa, hata wazee walifanya hivyo, na kaka yake asimletee nuksi.

"Ni ua, baba!" Bupe alilia jioni ile. "Linaitwa chura kwa sababu ya madoadoa yake. Romani hajakutukana."

"Bupe, mimi nimefundisha ngeli miaka thelathini na miwili. Ua *likae*. Mmea *ukae*. Anayekaa kwa 'a' ni mtu au mnyama. 'Akae', 'asilione', 'asikose'! Huyo kijana alijua anachokiandika."

"Jina ndiyo chura, baba, kalifuata jina."

"Kwa hiyo kikombe changu nikikiita Sadala, kikianguka nitasema 'Sadala amevunjika'?"

"Si ndivyo utakavyosema?"

Mzee alikivuta kikombe chake karibu. "Usinijibu," akasema.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Baada ya siku tatu za kilio alitoa sharti. Hicho kilichomo chunguni, kwa macho yake, ni majani ya kulishia sungura. Kikitoa ua lenye madoadoa kabla ya Tekla kuja, atakubali kuwa ni ua, na atafungua barua. Kisipotoa, kwaheri.

Simu ilitetema kwenye mkunjo wa kanga. Bupe aliutema mswaki.

"Umeamka?" Sauti ya Romani, nzito kidogo ya asubuhi. Siku saba alikuwa hajamtia machoni, maana binti mwenye barua ndani hatoki hatoki ovyo, na simu aliikandamiza sikioni.

"Mie nilale wapi? Romani, yamekuwa manne. Yamevimba!"

"Yamevimba wapi? Juu kileleni au kwenye shina?"

"Kwenye shina. Kila jani limebeba lake kwapani."

"Safi. Hilo ndilo lenye manyoya, linachanua makwapani. Lingekuwa lile jingine lingepeleka yote kileleni. Washa kamera." Aliwasha. Romani naye alikuwa ameishika simu karibu mno, ikawa unaona nyusi moja na tundu la sikio. Bupe aliitazama ile nyusi kwa uchu ambao haufai kusimuliwa. "Shusha kidogo. Hapo chini ya tumba, pale linapokalia kikonyo. Kuna vinundu?"

Bupe aliinama mpaka pua ikagusa jani. "Vipo! Vidogo, kama magoti ya kichanga."

Upande wa pili nyusi ilisogea karibu zaidi. Kisha Romani akasema polepole, "Bupe. Ni leo. Linafunguka leo."

Alipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka humo humo ndani ya kanga.

"Nakuja," Romani alisema.

"Thubutu! Mwenye kuposa haji mwenyewe, utaniua."

"Naja kuliangalia ua. Wewe nitakuangalia kwa pembeni."

"Romani..."

"Nitakuangalia kidogo tu."

Bupe aliuma kucha. Kumkataza alitaka, na kumkataza hakuweza. "Basi sikiliza. Baba lazima atakuuliza timu. Sema Yanga. Nakuomba. Neno moja tu, halafu utaendelea na Simba yako mpaka kiama."

Nyusi ilipanda, ikashuka. "Ngoja nimwagilie miche," alisema Romani, "nikimaliza nachukua boda." Akakata. Hakuwa amejibu.

Huyo ndiye Romani. Kijana wa Masasi, mrefu, mwenye udongo kwenye kucha hata siku ya Pasaka, aliyekodi kibonde chini ya miti kule Pugu akapanda maua yanayopenda kivuli. Mwaka jana Bupe alikwenda kununua mawaridi ya kupendezesha zahanati anakofanya kazi mapokezi, akachagua lililochanua kuliko yote. Romani alimnyang'anya. "Hilo usinunue, sista, lina ugonjwa, litakufa wiki ijayo." Muuza maua gani anamwambia mteja hivyo? Bupe aliondoka na mawaridi mengine matatu, na usingizi akauacha hukohuko Pugu.

Saa mbili mzee alitoka na kikombe chake cha chai. "Bado ni jani la sungura," alisema, hata salamu hajaipokea.

"Baba, sungura gani anakula jani lenye nywele hivi? Hebu lipapase."

"Sitaki kupapasa."

"Unaogopa kukosea?"

Hilo lilimpata. Mzee Stanley aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akarudi na ile lenzi yake kubwa ya kusomea magazeti. Akavuta kigoda. Mwanzoni alikuwa ameinamia chungu kwa dharau, kama anayesahihisha daftari la mtoro. Baada ya dakika tano dharau ilikuwa imekwisha.

"Jani halina kikonyo," alinong'ona. "Limelikumbatia shina lenyewe."

"Eh."

"Na hapa pana doa la mafuta. Umemwagia mafuta ya kula?"

"Ndivyo lilivyo, baba. Majani machanga yanakuwaga na madoa kama yametonewa mafuta, yakikomaa yanafifia. Romani kanambia."

"Sikukuuliza Romani." Lakini alilipindua jani la pili, akaangalia, na la tatu. Chai ikapoa.

Saa nne jua likaanza kutambaa kwenye sakafu ya baraza. Chungu kilikuwa kizito, na Bupe aliogopa kukitikisa, tumba lisije likadondoka. Alikimbilia ndani kutafuta shuka la kutundika. Alipotoka na shuka lake mkononi alisimama mlangoni, asiamini. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, amelifunulia lile ua mwavuli wake wa Yanga. Wa kijani na njano, ule asiomwazima mtu hata wakati wa masika.

"Usiniangalie hivyo," mzee alisema. "Jua la mchana *asilione*. Si ndivyo walivyoandika?"

Hapo ndipo Bupe alipoanza kuona kwamba leo linaweza kutokea jambo.

Boda ilisikika getini saa tano na robo. Romani aliingia amevaa shati jeupe, vumbi la Pugu limempaka mpaka kope, mkononi ana chungu kingine kidogo. Macho yake yalikwenda kwa Bupe kabla hajayazuia. Alikuwa amesema kwa pembeni, lakini ilikuwa ana kwa ana, mzima mzima, na Bupe aliyahisi usoni mwake kama joto la jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakuweza kuinuka, mwavuli ulikuwa mkononi. "Kumbe ndiye wewe. Mila zenu zinasema mwenye kuposa anajileta mwenyewe?"

"Hapana, mzee. Nimekosa. Ila nilisikia leo linafunguka, nikashindwa kukaa."

"Hata mimi," mzee alisema, kisha akashtuka kama aliyeropoka. "Sogea hapo. Usipumue juu yake."

Wakasogea wote watatu. Tumba la tatu kutoka chini lilikuwa limepasuka ncha. Ukilikodolea huoni kitu, ukipepesa macho unakuta limeachia zaidi. Bupe alikuwa upande huu wa chungu, Romani upande huu, na kati ya vichwa vyao palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja. Romani alikuwa ananukia udongo mbichi na sabuni ya kufulia. Bupe alishikilia magoti yake kwa mikono miwili, maana mikono ilikuwa na mawazo mengine.

Kisha likafunguka. Petali sita, nyeupe zenye kuelekea urujuani, na juu ya kila moja madoadoa ya zambarau yaliyotapakaa, hakuna doa lililofanana na jingine. Katikati limesimamisha vijitawi vyembamba vilivyojikunja kwa nje, navyo vina madoa yaleyale. Ua dogo, halifiki kiganja. Lakini Bupe alihisi machozi yanamtoka, na hakujua ni ya ua, ya barua au ya yule aliyechuchumaa mbele yake akitabasamu kwa meno yote.

Mzee Stanley alilitazama kwa lenzi kwa muda mrefu.

"Ni ua," alisema hatimaye. Akakohoa. "Haya, bwana maua. Kwa nini 'akae'? Na usinidanganye."

Romani alijifuta jasho. "Mzee, jina lake kwa wataalamu ni yungiyungi chura. Nimekaa nalo miaka mitatu, mie nalo peke yetu kule kivulini, asubuhi namuuliza chura umeamkaje, jioni namwambia chura lala salama. Nilisahau kwamba ni ua. Mpira haukunijia kichwani hata kidogo."

"Miaka mitatu?"

"Yalikuwa kumi na mawili. Yanataka baridi na unyevu, joto la hapa linayaua. Kumi na moja yalikufa. Lililobaki ni hilo. Hiki chungu kingine nimekuja nacho uone tofauti, hiki ni cha ndugu yake asiye na manyoya, anastahimili kidogo."

"Ukaleta lililobaki moja. Kwa mtu usiyemjua."

"Bupe aliniambia mvua ikinyesha huwa unakaa hapa barazani unaizungumzia Tukuyu, kwenu. Na kipande cha mzizi nilikitoa kwa mama mmoja kule Kiwira, jirani na Tukuyu. Nikaona hiki ni chako zaidi kuliko changu."

"Kiwira," mzee alirudia. Mwavuli ulilegea mkononi. "Kiwira sehemu gani?"

"Ukivuka mto, kabla ya kupanda kilima cha migomba."

Mzee alipajua mahali pale, ilionekana usoni. Bupe alimkazia Romani macho: vizuri, sasa nyamaza, tumeshinda!

Lakini mzee aliinua kichwa. "Timu gani?"

Bupe alikonyeza. Alikunja midomo bila sauti: *Ya-nga*. Alikonyeza tena kwa jicho lile lingine.

Romani alimwona, na mtu angeapa kwamba alijuta kumwona. Akashusha pumzi. "Simba, mzee."

"Wiki iliyopita ulishangilia?"

"Nilishangilia."

"Kwa kelele?"

"Mpaka sauti ikakauka, mzee."

Bupe aliziba uso kwa viganja. Kwisha habari yake. Na kama vile shetani alikuwa anasubiri hilo, geti likagonga na shangazi Tekla akaingia, mkoba kwapani, na saa kumi ilikuwa bado mbali.

"Nimewahi, kaka, mchana kuna foleni. Iko wapi hiyo barua?" Kisha akamwona Romani. "Hee! Na huyu?"

"Kaa, Tekla," alisema mzee.

"Nikae nini, si tulikubaliana..."

"Kaa. Bupe, niletee hiyo bahasha." Bupe aliingia ndani, akaiondolea rimoti, akaileta. Mzee aliipokea, hakuifungua, akawa anaigeuzageuza. "Nimemwona huyu binti akikukonyeza," alimwambia Romani. "Jicho la kulia, kisha la kushoto. Ungemsikiliza ningekupa chai, na binti nisingekupa. Mtu anayenidanganya barazani kwangu kuhusu mpira, mwanangu atamdanganya kuhusu mangapi?"

Akaichana bahasha. Alisoma mstari hadi mstari, midomo ikicheza, na alipofika mwisho akaikunja taratibu, akaiweka mapajani.

"Hakuna kosa hata moja," alisema. "Hata la koma." Halafu sauti ikamgeuka. "Bupe, sogea hapa mwanangu. Nikwambie jambo. Siku ile nilipoliona neno chura nilikasirika, ndiyo. Lakini ndani ndani nilifurahi. Nilipata sababu. Tangu mama yako aondoke nyumba hii ni mimi na wewe. Nilijiuliza, huyu akienda, mimi nitamsahihisha nani? Nitabishana na nani asubuhi? Hata angekuja na waridi ningelitafutia kosa."

Bupe hakuwa amelifikiria hilo, si wiki nzima, si mwaka mzima. Alikuwa amepigana na mpira na ngeli, kumbe mbele yake alikuwa amesimama mzee anayeogopa kubaki peke yake na televisheni. Alimpigia magoti, akamlalia mapajani pale pale juu ya barua.

"Baba, Pugu ni hapo tu. Nitakuja kila Jumapili kubishana na wewe, mpaka uchoke."

"Mie nitakuja katikati ya wiki," alisema Romani kwa sauti ya chini. "Hili ua linataka kuangaliwa, mzee. Na sie tukifungwa, nitakuja siku hiyohiyo unicheke."

Mzee alicheka bila kupenda, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine. Kisha akajinyoosha, akawa mwalimu tena.

"Inuka, Bupe. Simama. Tekla, wewe ni shahidi. Nakuuliza mbele ya shangazi yako: kijana huyu unamfahamu?"

Shangazi Tekla alikuwa amemfundisha tangu zamani. Ukiulizwa hivyo, mwanangu, unaangalia chini. Unachora chora sakafu kwa kidole gumba. Unasubiri uulizwe mara ya pili, hata ya tatu, ndipo unajibu kwa kunong'ona, wasije wakasema mtoto wa Stanley ana haraka ya mume.

Bupe aliangalia chini. Alihesabu moja. Mbili hakuifikia. Akainua uso, akamtazama Romani machoni mbele ya baba yake mzazi, bila pazia na bila kanga ya kujifichia.

"Namfahamu, baba," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya tatu. "Na ndiye huyu."

"Mama wee!" shangazi alishika kichwa, kisha akaona haina maana, akatupa mkoba akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Mzee Stanley aligeuza uso pembeni. Alitafuta leso mfuko wa kulia, haikuwamo. Akatafuta wa kushoto, haikuwamo. Romani alikuwa tayari amemnyooshea ya kwake, nyeupe, imekunjwa mara nne, ina alama ya udongo kwenye pembe. Mzee aliitazama kidogo ile leso ya mtu wa Simba, akaipokea.